Skani Inaona Nini Ndani ya Titi?

Kalsiamu inayoonekana ndani ya titi haitokani na omena. Afadhali hilo lisemwe mapema, maana kaunti za Migori na Homa Bay, Kenya, ni nchi ya omena, wale samaki wadogo, na omena huliwa mzima, kichwa na mifupa yake, na kila aliyepita shule ya msingi anajua mifupa ndiyo yenye kalsiamu. Maziwa nayo hayana kesi hapa, wala tembe za kalsiamu anazopewa mama mjamzito kliniki. Vidoa vya kalsiamu vinavyozungumziwa hapa hujiunda humo humo titini, kwenye mirija ya maziwa na vifuko vyake, kutokana na mambo yanayozipata seli za mahali hapo.

Mara nyingi mambo yenyewe hayatishi. Mshipa wa damu ukizeeka, hasa kwa mwenye kisukari, kuta zake huweza kushika kalsiamu. Uvimbe usio wa saratani, ule unaoteleza chini ya vidole ukiguswa, ukikauka huacha mabonge manene ya madini. Jipu la wakati wa kunyonyesha, pigo la zamani au mshono wa upasuaji huacha alama vilevile. Ila kuna hali moja inayowafanya madaktari wasidharau vidoa hivi. Seli za saratani zinapozaliana na kuujaza mrija, zile za katikati hukosa hewa na chakula, zikafa, na mabaki yake hugeuka madini ya aina ileile iliyo kwenye mifupa na meno. Aina nyingine ya kalsiamu, oksaleti, ambayo ndiyo inayofanya mawe mengi ya figo, kwa kawaida huambatana na mabadiliko yasiyo ya saratani.

Vidoa vinavyotiliwa shaka zaidi huwa na upana usiofika nusu milimita. Mkono hauwezi kuvigusa, havileti maumivu, havibadilishi umbo la titi. Mwanamke anaweza kukaa navyo miaka asijue.

Wa kwanza kuviona alikuwa Albert Salomon, daktari mpasuaji wa Berlin, aliyepiga eksirei matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1913. Karibu miaka 40 baadaye Raúl Leborgne wa Montevideo, Uruguay, alionyesha kwamba titi likibanwa kabla ya kupigwa picha, vidoa hujitokeza wazi, akavifananisha na punje laini za chumvi zilizorundikana. Kubanwa huko ndiko wanawake wanakokulalamikia hadi leo wakitoka chumba cha mamogramu, na bila kubanwa picha haina maana.

Mamogramu ni eksirei ya titi, na kalsiamu huizuia miale ya eksirei kupita. Kwa hiyo kidoa, hata kiwe kidogo namna gani, huonekana cheupe pepe. Uwezo huo ni mkali kiasi kwamba mwanamke huambiwa siku hiyo asijipake poda wala mafuta ya kuzuia jasho kwapani, kwa sababu alumini iliyomo huonekana kwenye picha kana kwamba ni kalsiamu, na mtu akapewa hofu ya bure. Mtaalamu wa radiolojia huangalia vidoa vimejipangaje: vikitawanyika titi zima bila mpango, wasiwasi ni mdogo, vikijikusanya mahali pamoja, au vikifuatana kwa mistari yenye matawi kana kwamba vinafuata njia ya mrija, wasiwasi hupanda. Saratani ambayo bado imefungiwa ndani ya mrija, haijavunja ukuta kuingia nyama ya jirani, mara nyingi haina ushahidi mwingine wowote ila vidoa hivyo. Na hiyo ndiyo inayotibika kwa urahisi kuliko zote.

Hapo ndipo Migori na Homa Bay zinapoingia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Kitaifa, makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yaliweka saratani ya matiti mbele ya zote nchini Kenya, wagonjwa wapya karibu 6,800 na vifo zaidi ya 3,100. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2018 unataka mwanamke wa miaka 40 hadi 55 apigwe mamogramu kila mwaka, na wa miaka 56 hadi 74 kila baada ya miaka miwili. Karatasi imesema hivyo. Lakini muulize mwanamke wa Muhuru Bay, wa Kuria, wa Ndhiwa au wa kisiwa cha Mfangano kama amewahi kuiona mashine hiyo.

Haikuwa kwa kukosa mipango. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilianza kukodi mashine kwa ajili ya hospitali 98, mbili kwa kila kaunti pamoja na za kitaifa, na kampuni ya General Electric ikapewa upande wa picha: eksirei, altrasaundi, mamogramu. Kaunti zilikatwa fedha kila mwaka kulipia. Kufikia 2020 kamati maalumu ya Seneti ilikuwa inaeleza kwa ukali jinsi baadhi ya mashine zilivyokaa nchini zikikusanya vumbi kwa kukosa umeme wa kutosha, chumba, au mtu wa kuziendesha. Mashine ya mamogramu bila anayejua kuisoma picha yake ni samani tu.

Altrasaundi ina historia nyingine. Iliingia kwa mlango wa uzazi, na kila mtu anaijua. Mama mjamzito wa Rongo au Oyugis husema anaenda kupigwa skani bila kuuliza maana yake. Mashine ni ndogo kuliko ya mamogramu, bei yake ni ya chini, haina miale, na kuna mitambo ya leo inayobebeka mkobani. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC, kimesomesha wataalamu wa kuiendesha kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwanamke akigusa kitu asichokielewa kwenye titi, picha iliyo karibu naye ni skani. Swali ni je, skani hiyo inaweza kuvikamata vile vidoa?

Jibu linaanzia kwenye sauti yenyewe. Altrasaundi hupeleka mawimbi ya sauti mwilini na kusikiliza mwangwi unaorudi. Sauti husafiri katika nyama za mwili kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde. Kile kifaa kipana chenye uso wa duara kinachopitishwa juu ya tumbo la mjamzito, mafundi hukiita probu, hutumia masafa ya megahezi 3 au 4, na kwa masafa hayo wimbi moja lina urefu unaokaribia nusu milimita. Probu ya titi ina uso ulionyooka na hufanya kazi kwa megahezi 7 hadi 15. Kwa megahezi 10, wimbi ni milimita 0.15. Hesabu hizo mbili zinatosha kueleza kwa nini kidoa cha robo milimita hakina nafasi ya kuonekana kwa probu ya tumbo, na kwa nini kwa probu ya titi kinaweza kuonekana, japo kwa shida. Mwanamke aliyepigwa skani ya titi kwa probu ya tumbo, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwepo, amelipia picha ya mafuta na ukungu.

Probu sahihi nayo ina adui wake. Picha ya altrasaundi ina chengachenga za asili, nukta nyeupe na nyeusi zinazotokea mawimbi yakigongana yenyewe kwa yenyewe. Kati ya chengachenga hizo, kidoa cheupe hupotea. Jiwe la nyongo hujitambulisha kwa kivuli cheusi kinachoanguka nyuma yake. Kidoa cha titi ni kidogo mno, mawimbi hukizunguka pande zote na kivuli hakipatikani. Kwa hiyo mambo mawili ndiyo huamua. Kama vidoa vimekaa ndani ya uvimbe, ambao kwenye altrasaundi huwa mweusi, weupe wake hung'aa na mtu mwenye jicho zuri atavikuta. Kama vimekaa ndani ya nyama ya kawaida ya titi, ambayo yenyewe ni nyeupe, vitafichika.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Vidoa ambavyo altrasaundi huviona, kwa sehemu kubwa, ni vile ambavyo tayari vina uvimbe. Na vidoa vyenye uvimbe ndivyo vinavyoelekea zaidi kuwa saratani iliyokwisha kutoka ndani ya mrija. Ile ya mapema, ile ambayo kila mtu angependa kuikamata, ndiyo skani huikosa.

Fundi aliyefundishwa vizuri ana mbinu zake. Tuchukulie mama wa miaka 46 kutoka Karungu aliyegusa kibonge alipokuwa akioga. Amelala kitandani, jeli ya baridi imepakwa, probu inapita polepole kutoka kwenye chuchu kwenda nje.

“Mama, weka mkono chini ya kichwa, ugeuke kidogo uelekee ukutani.”

“Daktari, unaona nini hapo?”

“Nipe dakika, mama. Bado kwapani.”

Kwenye skrini kuna doa jeusi lenye kingo za kuchongoka, na ndani yake nukta tatu zinazong'aa. Fundi haandiki kalsiamu papo hapo. Huizungusha probu robo duara bila kuiondoa mahali pale. Kama nukta ni uzi wa nyama uliokuwa umekatwa kwa upana, itarefuka iwe mstari. Kama ni kalsiamu, itabaki nukta kutoka upande wowote. Kisha anaweza kuwasha Dopla, ile rangi inayoonyesha damu inavyotembea. Nyuma ya kalsiamu yenye uso wa kukwaruza, rangi nyekundu na bluu huchezacheza hata pasipo na tone la damu. Kioja hicho kilielezwa mwaka 1996, na baadaye kikajaribiwa kwenye titi. Kampuni kubwa zimeunda hata programu za kufifisha chengachenga na kuacha nukta peke yake; Toshiba, ambayo kitengo chake cha tiba sasa ni cha Canon, ilikuwa mojawapo. Ila programu hizo ziko kwenye mashine za bei mbaya, na faida yake humtegemea mtu aliyeshika probu kuliko anavyokiri muuzaji.

Baada ya titi, fundi hupanda kwapani kutazama tezi. Hatua hiyo hairukwi, kwa sababu tezi iliyovimba na kupoteza umbo lake la kawaida inaweza kusema zaidi kuliko nukta zote.

Je, basi skani ni ya kupuuzwa? La hasha. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki wanaopata ugonjwa huu huwa na umri mdogo kuliko wenzao wa Ulaya, wengi wakiwa kwenye miaka ya arobaini, na titi la umri huo lina nyama nyingi na mafuta machache. Kwenye mamogramu nyama hiyo ni nyeupe na uvimbe ni mweupe, nyama huuficha uvimbe. Altrasaundi haina shida hiyo. Japani ilifanya jaribio kubwa, lililochapishwa mwaka 2016, kwa wanawake 72,998 wa miaka 40 hadi 49. Waliopigwa mamogramu peke yake, kipimo kilikamata asilimia 77 ya saratani zilizokuwepo. Walioongezewa altrasaundi, asilimia 91. Neno la kushika hapo ni “walioongezewa”. Hakuna aliyewaondolea mamogramu.

Tena, mwanamke wa Homa Bay anayefika hospitali leo haji kwa sababu ya vidoa visivyoonekana. Anakuja na kibonge, mara nyingi baada ya miezi kadhaa ya kukaa nacho, pengine baada ya kupewa dawa za jipu mara mbili au kuchanjwa na mganga. Wengi wa wagonjwa wa Kenya hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa mtu huyo, skani ndiyo picha ya kwanza inayofaa: inatenganisha kifuko cha maji na uvimbe mgumu, inatambua jipu, inaonyesha kingo, na inafanyika siku ileile. Shirika la Afya Duniani lilisema waziwazi mwaka 2014 kwamba nchi zenye mifumo dhaifu ya afya zisianze na mamogramu kwa kila mwanamke. Zianze na kuwawahi wenye dalili.

Kosa liko kwingine. Liko kwenye kambi za matibabu na zahanati zinazouza skani ya titi kama kipimo cha saratani kwa mwanamke asiye na dalili yoyote, wa miaka 50, anayeambiwa “uko safi” na kurudi nyumbani na karatasi. Karatasi hiyo imejibu swali moja, kama kuna uvimbe unaoonekana. Kuhusu vidoa haijasema kitu, na mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba haijasema.

Ripoti nzuri huwa na namba. Mfumo unaotumika duniani, BI-RADS wa madaktari wa radiolojia wa Marekani, huanzia 0 hadi 6. Sifuri maana yake picha haijatosha, rudi upigwe nyingine. Moja na mbili hazina tatizo. Tatu ina uwezekano wa saratani usiozidi asilimia 2, na kawaida mtu hurudishwa baada ya miezi sita. Nne ni pana mno, kuanzia asilimia 2 hadi 95, na inataka sindano ya kuchukua kinyama, yaani biopsi. Tano ni asilimia 95 kwenda juu. Sita ni ya mtu ambaye biopsi imekwisha kuthibitisha. Mgonjwa ana haki ya kuuliza namba yake ni ipi. Ripoti isiyo na namba humwacha daktari wa kituo kingine akikisia.

Kuna kazi moja ambayo altrasaundi huifanyia kalsiamu vizuri kuliko inavyosifiwa, nayo huja baada ya mamogramu. Mwanamke akipigwa mamogramu Kisumu na vidoa vya kutilia shaka vikaonekana, lazima kinyama kichukuliwe mahali palepale. Njia ya kawaida ni mashine inayoelekeza sindano kwa eksirei, na hiyo iko kwenye hospitali chache kubwa, Nairobi hasa. Ndiyo sababu daktari huomba skani ya pili: fundi sasa anajua vidoa viko saa ngapi kwenye duara la titi na umbali gani kutoka kwenye chuchu, na anatafuta akiwa na ramani. Nukta ambayo mara ya kwanza ilikuwa chengachenga huweza kuonekana. Ikionekana, sindano huongozwa kwa altrasaundi, kwa ganzi ya hapo hapo tu, na safari ya Nairobi imeepukwa. Isipoonekana, safari inabaki palepale. Skani ya pili iliyo safi haifuti mamogramu yenye shaka.

Ujuzi huo si lazima uwe wa daktari bingwa. Rwanda, kwenye hospitali ya Butaro iliyofungua kituo chake cha saratani mwaka 2012, wauguzi na madaktari wa kawaida walifundishwa altrasaundi ya titi na wataalamu kutoka Boston, wakaanza kuwapima wenye vibonge wao wenyewe na kuchukua vinyama. Butaro iko milimani kaskazini mwa nchi, mbali na mji mkuu, kama Mbita na Kehancha zilivyo mbali na Nairobi.

Migori yenyewe imewahi kuonyesha kitu kinachofanana, kwenye saratani ya shingo ya kizazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke na taasisi ya KEMRI walilinganisha njia mbili za kupima virusi vya HPV, vinavyoisababisha: kambi zilizopelekwa vijijini na vituo vya afya vya kawaida. Kambi ziliwafikia asilimia 60 ya wanawake waliolengwa, vituo asilimia 37. Lakini katika njia zote mbili, waliopatikana na virusi na kisha wakafika kutibiwa hawakufika nusu. Yeyote anayetaka kupeleka mikoba ya altrasaundi vijijini asome sehemu hiyo ya pili kwanza. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale zaidi ya 100,000 waliogawiwa mikoba ya vifaa na serikali Septemba 2023, wanaweza kumleta mama hadi kwenye mlango wa hospitali. Ndani ya mlango kuna foleni nyingine.

Foleni hiyo Shirika la Afya Duniani limeipa muda: siku 60 tangu mgonjwa afike na dalili hadi ajue ana nini. Kwa kaunti hizi mbili, sehemu kubwa ya siku 60 huliwa na safari ya kinyama. Kikishatoka kwenye sindano hutumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, kikaandikwa jina na upande wa titi, kikasubiri gari la kwenda maabara ya patholojia. Fomalini ina saa zake. Vipimo vya homoni, vinavyoamua dawa atakayopewa mgonjwa, huhitaji kinyama kilichokaa humo saa 6 hadi 72. Sampuli iliyotolewa Ijumaa mchana na kupakiwa Jumanne inaweza kutoa jibu la kupotosha hata kama skani, sindano na mkono wa fundi vilikuwa sawa. Na iwapo kilichokuwa kinatafutwa ni vidoa, kuna hatua moja zaidi kabla mama hajashuka kitandani: vile vinyama vyembamba hupangwa kwenye sahani na kupigwa eksirei, kuhakikisha kalsiamu imetoka navyo. Zisipoonekana nukta nyeupe, sindano imekosa shabaha, na inabidi kuchoma tena.